Majaruba ya chumvi na kimeng'enya kinachochakaa mapema

Mikindani, jioni. Kusi imetulia, maji yamejaa.

Ukifuata pwani hii kutoka Mtwara mpaka Lindi utakutana na majaruba ya chumvi. Maji ya bamvua yanaingizwa, mlango unazibwa, kisha yanahamishwa jaruba hadi jaruba kadiri yanavyokolea. Wenye kazi wanajua kwamba punje kubwa haitaki haraka: maji yakikauka kwa kasi au yakivurugwa, unavuna chenga. Kukuza fuwele za protini ni kazi ya ukoo huohuo, ila jaruba lake ni tone la mikrolita 2, na kilichoyeyuka ndani yake ni kimeng'enya cha binadamu.

Kimeng'enya kinachonikaa kichwani siku hizi ni G6PD, kwa kirefu dehidrojenesi ya glukosi-6-fosfeti. Kinatoa hidrojeni kwenye glukosi-6-fosfeti na kuikabidhi kwa NADP+, molekuli ndogo ya kubebea hidrojeni, inakuwa NADPH. Chembe nyekundu ya damu haina mitokondria, kwa hiyo haina njia nyingine ya maana ya kupata NADPH, na bila hiyo glutathioni, kinga ya chembe dhidi ya kuunguzwa na oksijeni, inaisha, himoglobini inaharibika, chembe inapasuka. Mwaka 1956 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa watu wanaopasukiwa chembe baada ya kumeza primakwini, dawa ya malaria, wana upungufu wa kimeng'enya hiki. Penye malaria ya miaka mingi, upungufu huu nao upo, na pwani yetu ni mojawapo ya sehemu hizo.

Hapa lazima niseme habari ya mbaazi. Maandishi ya ng'ambo yanawaonya wenye upungufu huu wasile maharage mapana yaitwayo fava, nasi huku tunasoma "kunde" na kuanza kuogopa sufuria la mbaazi. Kinachodhuru kwenye fava ni vaisini na konvaisini. Mbaazi ni mmea mwingine kabisa.

Turudi kwenye tone, maana ni fuwele ikimulikwa kwa eksirei ndipo umbo la kimeng'enya linajulikana. Jeni ya G6PD inapandikizwa kwenye bakteria, bakteria wanakuzwa, wanapasuliwa, protini inachujwa kwenye safuwima baridi mpaka ibaki peke yake. Inakolezwa hadi kama miligramu 10 kwa mililita. Kisima ni kishimo kidogo cha sahani ya maabara, chenye maji yaliyotiwa chumvi au kitu kingine cha kuifanya protini ijitenge. Mikrolita 1 ya protini inachanganywa na mikrolita 1 ya maji hayo ya kisima juu ya kigae cha kioo. Kigae kinageuzwa kifudifudi juu ya kisima chenye mikrolita 500 za maji yaleyale, pembeni panapakwa grisi pasipite hewa. Tone lina nusu ya ukolezi wa kisima, kwa hiyo mvuke unatoka kwenye tone polepole kuelekea chini, siku kwa siku, mpaka pande zote zilingane. Ni jaruba lililofunikwa.

Yanayoharibika ni mengi. Tone likichafuka na kuwa mashapo ya kahawia papo hapo, umekoleza kupita kiasi. Likikaa wiki tatu jeupe kama maji ya dafu, umezimua mno. Zikitokea sindano nyembamba zilizosongamana kama miiba ya nungunungu, mbegu zimekuwa nyingi: punguza protini, au vunja hizo sindano, zimua unga wake, uupande kwenye tone jipya. Umeme ukikatika na chumba kikatoka nyuzi 20 kwenda 30, fuwele iliyokuwa inajengeka inayeyuka kingo.

Na kuna hadaa ya chumvi yenyewe. Kitu kinang'aa chini ya hadubini, kingo zimenyooka, moyo unaruka, kumbe ni chumvi ya bafa, yaani ya maji yanayotunza kiwango cha asidi. Igusie ncha ya sindano. Chumvi inagoma, ukikaza inapasuka "tak" na vipande vinaruka. Fuwele ya protini inamomonyoka bila kelele, kama jibini, kwa sababu karibu nusu yake ni maji. Kwa sababu hiyohiyo rangi ya buluu ikidondoshwa hupenya ndani ya protini, lakini chumvi haiinywi.

G6PD ya binadamu ina sharti lake la ziada: usiinyime NADP+ hata hatua moja ya uchujaji. Ukiinyima, minyororo yake minne ya asidi amino iliyoshikana inaachana ikawa miwili miwili, kisha mmoja mmoja, na kazi inakufa. Kwa muda mrefu sharti hilo lilijulikana kama mazoea ya maabara tu. Sababu yake ilionekana mwaka 2000, umbo la fuwele lilipochapishwa kwa uwazi wa angstromu 3 (angstromu ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita). Aliyefuwelishwa ni badiliko la Canton, ambalo kwenye nafasi ya 459 arjinini imekuwa lusini. Kila mnyororo wa asidi amino 515 umeshikilia molekuli ya NADP+ mbali na pale kazi inapofanyika, karibu na kiungo cha minyororo miwili. Hiyo haitumiki kwenye kazi. Imekaa kama kabari kwenye mpini wa jembe. Kimeng'enya cha bakteria Leuconostoc mesenteroides, ambacho umbo lake lilijulikana tangu 1994, hakina kabari hiyo.

Mabadiliko makali zaidi, yanayomfanya mtu apungukiwe damu hata bila dawa wala homa, yamejazana hapo, kwenye kiungo na kabari. Kwenye orodha ya herufi za jeni yanaonekana yametawanyika. Mnyororo ukijikunja ndipo unaona ni majirani.

Aina ya upungufu ya Afrika, iitwayo A hasi, ina makosa mawili: nafasi ya 68 valini imekuwa methionini, na ya 126 asparajini imekuwa asidi aspatiki. Lisini ya 205 na histidini ya 263, zinazofanya kazi yenyewe, hazijaguswa. Kosa moja peke yake halileti balaa. Yakikutana, mkunjo unalegea. Kwa hiyo kimeng'enya kinatoka kiwandani kikifanya kazi, halafu kinachakaa mapema. Cha kawaida hubaki nusu baada ya siku kama 62, cha A hasi baada ya siku kama 13. Chembe nyekundu inaishi siku 120 na haiwezi kutengeneza kingine.

Faili la umbo hilo la mwaka 2000 ni la bure kwenye hazina ya Protein Data Bank, jina lake 1QKI, megabaiti chache. Lifungue kwa programu ya kutazamia molekuli. Lina minyororo minane. Ficha yote ubakize A na B. Zipe rangi nafasi za 68, 126, 205 na 263, kisha tafuta NAP, ndilo jina la NADP+ humo. Usilisadiki kupita kiasi: kaboni mbili zilizoungana zimeachana angstromu 1.5 tu, kwa hiyo kwenye uwazi wa 3 unaona uti wa mnyororo na mikono minene, hidrojeni huzioni. Mwanzo wa mnyororo unayumba na hauonekani vizuri. Waliofuwelisha mwaka 2005 wakiwa na glukosi-6-fosfeti walikata asidi amino 25 za mwanzo kabisa.

Ukishajua kinachochakaa ni mkunjo, majibu ya maabara ya hospitali yanasomeka vingine. Mgonjwa wa A hasi aliyekojoa mkojo wa rangi ya kahawa chungu, chembe zake nzee zimeshapasuka. Zilizobaki ni changa, zimejaa kimeng'enya, na kipimo kinasema mzima. Arudiwe baada ya miezi mitatu. Kwa mwanamke ni vigumu zaidi. Jeni iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo aliyerithi moja mbovu ana chembe za aina mbili zikiogelea pamoja, na kipimo cha haraka kinaweza kumpita. Fuwele nayo haisaidii hapo, maana inaonyesha wastani wa molekuli zilizofanana zote, na damu yake haikufanana.