Laki nne kamili

Hii ni ya 2012, nlikua nimemaliza chuo kama mwaka mmoja hivi na najiona fundi wa lugha ya programu ya C hasa, laptopu imejaa stika za Ubuntu, ile Linux, mpaka kibandiko cha bei hakionekani. Kuna SACCOS moja ya wakulima wa kahawa huko Kilimanjaro, sitaitaja, tuliwatengenezea kiprogramu cha kutunza akiba za wanachama. Tulikua wawili, mwenzangu kaandika upande wa kuingiza data mi nikaandika ripoti. Wanachama 187, kila mmoja rekodi ya baiti 64, namba yake na jina lake yanakaa mwanzo kama maandishi, halafu akiba inakaa kama namba ya baiti 4. Kompyuta yao ilikua moja tu, deskitopu ya Windows XP imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi, mimi nakompaili kwenye Ubuntu yangu kwa MinGW, kifaa cha kutengenezea programu za Windows, nawatumia exe, yaani programu yenyewe, kwa flashi, mtu akipanda basi anawapelekea.

Mwezi wa kwanza ripoti ilitoka safi. Mwezi wa pili mama mhasibu akanipigia asubuhi, hata salamu kaikata katikati.

"Baba, hii mashine yako imekula watu."

Ilikua imekula watu 114. Karatasi imeishia kwa mwanachama wa 73, jumla imepigwa pale chini vizuri kabisa, na mstari wa mwisho ule nlioandika kwa mkono wangu, RIPOTI IMEKAMILIKA. Nikamwomba anitumie faili, kijana mmoja akaenda nalo intaneti kafe akanitumia kwa imeli, nikalifungua kwangu, wote 187 hawa hapa. Sa hapo nikafanya kile ambacho mafundi wote tunafanya, nikamwambia mama tatizo ni kompyuta yenu, itakua virusi.

Siku ya pili nipo kwenye basi la Moshi na CD ya antivirusi kwenye begi.

Virusi nlivikuta kweli, maana XP ya ofisini mwaka ule isiyo na virusi ilikua haijawashwa, nikavisafisha saa mbili nzima, nikaprinti tena. 73. Imekamilika. Nikabadili flashi, 73. Nikahamisha faili kwenye foda nyingine, 73. Mama kakaa pembeni yangu na daftari lake kubwa la mistari, miwani imeshuka puani, muda wote ule hajasema neno, ndo akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Huyu wa 74 ndo wa kwanza kuliwa. Mwezi uliopita alikua na laki tatu na nusu, juzi kaja kuweka elfu hamsini. Sasa ana laki nne kamili. Mashine yako haitaki laki nne."

Nlicheka, naikumbuka mpaka leo ile cheko na inaniuma. Nikamwambia mama kompyuta haijui laki nne wala laki tano, kwake zote ni namba tu, na ili nimuoneshe nikaingia kwenye skrini ya kuhariri nikabadili akiba ya yule mzee ikawa 400,001. Nikaprinti. Ikaishia 73.

"Unaona mama? Siyo laki nne."

"Shilingi moja nayo siku hizi ni hela? Weka elfu moja."

Nikaweka 401,000 ili tu yaishe. Printa ikaanza kulia, karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, wote 187 wametoka. Nikarudisha 400,000, 73. Mama hakusema kitu, akainuka kwenda kuchemsha chai.

Ndo nikafungua kodi yangu sasa kwa adabu. Lupu yenyewe, ile sehemu inayojirudia kwa kila mwanachama, ilikua hivi: fread, amri ya C ya kusoma faili, ikirudisha 1 chapa mwanachama, ikirudisha kitu kingine toka nje useme imekamilika. Basi. Kwa waliosahau, fread haikwambii imesimama kwa nini, inakwambia tu imepata vipande vingapi, ukipata pungufu inaweza kua faili limeisha kweli au diski imegoma katikati, na kwa yule aliyeko ndani ya lupu hayo mawili yanafanana kama mapacha. Inabidi umuulize mwenyewe, feof (limeisha?) au ferror (kuna hitilafu?), na mimi sikuuliza hata mmoja, kwangu kusimama na kumaliza vilikua kitu kimoja. Nikaongeza ferror nikitegemea itapiga kelele. Kimya. Nikaongeza perror, inayotaja kosa ni lipi, ikaandika "No error". Hiyo nayo ni mtego peke yake, standadi ya C hailazimishi fread iweke errno, ile namba ya kosa, POSIX, standadi wanayofuata kina Linux, ndo inalazimisha, kwa hiyo ukizoea kusoma errno kwenye Linux halafu ukahamia Windows unaweza ukawa unasoma masalia ya jambo lingine kabisa au sifuri. Nikauliza feof. Ndiyo, faili limeisha.

Limeisha vipi, wakati dir, amri ya kuorodhesha mafaili, inaonesha baiti 11,968, na 187 mara 64 ni 11,968 hiyo hiyo? Yaani mfumo mmoja, dirisha moja linasema faili ni kubwa hivi, dirisha la pili linaapa kua mwisho wake ni hapa njiani.

XP ilikua bado ina ile debug ya zamani ya DOS, mfumo uliotangulia Windows, ya kuchungulia baiti za faili, nikalifungua faili kwayo nikashuka mpaka rekodi ya 74, nikatafuta akiba ya mzee. Zikatokea hizi, kwa hesabu ya kumi na sita: 80 1A 06 00. Nikazitazama kama mtu anayetazama sura anayoijua ila jina limemtoka. 1A kwa hesabu ya kawaida ni 26. Herufi ya 26 ni Z. Ctrl-Z, na hapo nikarudi moja kwa moja kidato cha pili, maabara ya kompyuta, mwalimu anatufundisha copy con, amri ya kuandika faili moja kwa moja kwenye kibodi, andika maneno yako, ukimaliza bonyeza Ctrl-Z faili limefungwa. Aisee.

Maana zamani za CP/M, mfumo wa kabla ya DOS, miaka ya 70, mfumo haukujua faili lina baiti ngapi hasa, ulihesabu mafungu ya baiti 128, kwa hiyo faili la maandishi liliwekewa Ctrl-Z kuonesha mwisho halisi uko wapi. DOS ikarithi, Windows ikarithi, na ukifungua faili kwa "r" tupu, yaani soma, maktaba ya C ya Windows inalichukulia kua maandishi, ikikutana na 26 inasema asanteni kwaherini. Ukiweka "rb", b ya binary, yaani baiti tupu siyo maandishi, inaliacha lilivyo. Mwenzangu upande wake wa kuandika faili aliweka "wb" vizuri, mimi nikaona hiyo b ni urembo, kwa sababu kwenye Linux uiweke usiiweke ni sawasawa.

Na mama alikua sahihi kuliko mimi. Kuanzia 399,872 mpaka 400,127 namba zote zina hiyo 1A katikati, shilingi yangu moja ilimuacha mzee palepale shimoni, elfu moja ya mama ikamvusha.

Nikaweka b, nikakompaili kwenye laptopu palepale, nikajaribu akiba ya mzee kwa 400,000 halafu kwa 401,000, zote 187. Nikataka kufunga begi. Mama akauliza, sasa siku ikikata tena kwa sababu nyingine ntajuaje, maana na leo imeandika imekamilika. Nikaanza kumweleza habari za ferror, akanikatisha.

"Sisi tukifunga daftari tunaandika walitakiwa wangapi, wamepatikana wangapi, tofauti ngapi. Hiyo yako haiwezi?"

Inaweza. Ilinichukua dakika ishirini na chai mbili. Kabla ya kusoma inapima ukubwa wa faili inagawa kwa 64, baada ya lupu inalinganisha, ikipungua inasema imesoma wangapi kati ya wangapi na jumla haichapi kabisa, na pembeni inataja kama ferror imeitika au la. Lile neno IMEKAMILIKA nikalitoa, nikaweka WALITAKIWA, WAMESOMWA, TOFAUTI.

Nikaaga, nikapewa na mkungu wa ndizi, nikapanda basi la mchana. Tumefika Same abiria wanashuka kujisaidia, simu inaita.

"Baba, tofauti ya watu ni sifuri, hapo asante. Ila nimefunga hesabu hela zimezidi elfu moja kwenye mashine."

Nikanyamaza nikifikiria ni baiti gani tena.

"Ile elfu moja ya mzee," mama akasema. "Uliitoa?"