Tuwe nyumba ya Elisabeti

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimelala na swali moja na kuamka nalo. Binti wa kwaya ameniuliza: "Mama, nikiitoa mimba sasa hivi kabla haijaonekana, na hiyo ni kuua?"

Zaburi ya 139 mnaijua, na Yeremia 1:5 mnaijua: Mungu anatujua tangu tumboni. Mimi Roho alinipeleka Luka 1. Mariamu anaingia nyumbani kwa Zakaria, mimba ni changa mno, tumbo halijatokeza. Elisabeti, mke wa Zakaria na jamaa yake Mariamu, anamwita papo hapo "mama wa Bwana wangu". Ameshakuwa mama! Aliyemo tumboni ameshahesabiwa. Kwa hiyo binti nilimjibu ndiyo, ni uhai wa mtu, nami siwezi kumwambia mtu yeyote kwamba mimba ya wiki chache ni damu tu.

Uhai wa mama ukiwa hatarini ni habari nyingine. Hata Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humlinda daktari anayempasua mama kwa nia njema ili kumwokoa. Tusiwahukumu kina mama hao.

Sasa niseme linaloniuma. Yule binti anatuogopa sisi. Ameona wenzake walivyofanyiwa: wanatengwa, wanarudisha joho la kwaya kwenye mfuko wa rambo, wanahamia benchi la nyuma karibu na mlango. Kijana aliyehusika yuko palepale kwenye kinanda, kila Jumapili. Halafu tunasimama madhabahuni kukemea utoaji mimba! Wazee wangu, kwa heshima zote, wengine tumewasukuma wenyewe hadi kwenye vichochoro vya kutolea mimba. Serikali ilitangaza Novemba 2021 kwamba msichana aliyejifungua aruhusiwe kurudi shuleni. Darasani apokelewe, kanisani afukuzwe?

Mariamu naye alikuwa hajaingia kwa mumewe, na Yusufu aliwaza kumwacha kwa siri. Lakini neno la kwanza la Elisabeti kwake lilikuwa "Umebarikiwa", kisha Mariamu akakaa kwake kama miezi mitatu. Miezi mitatu ya mwanzo, jamani! Ndiyo hiyo ya kichefuchefu na kulia usiku, ndiyo ambayo mabinti zetu wengi huamua kutoa. Mama mwenye chumba, mfungulie. Mpeleke kliniki, kaa naye foleni, mpikie uji. Baba, nenda ukaongee na wazazi wake kabla hawajasikia kwa majirani. Na yule kijana aitwe naye, awajibike. Tukiamini kweli kwamba aliyemo tumboni ni mtu, basi tuanze kumlea sasa kwa kumlea anayembeba.

Na wewe dada uliyekwisha kutoa, umebeba siri hiyo miaka na huwezi kushiriki Meza ya Bwana kwa amani, damu ya Yesu inakutosha na wewe. Usibaki peke yako. Njoo nyumbani siku yoyote, tuombe.