Taa za LED zilizopepesa kwenye dima: jinsi nilivyotatua

Balbu sita za LED za GU10 (aina ya kitako cha pini mbili), wati 5 kila moja, umeme wa 230 V. Ukishusha mwanga chini ya nusu, zinapepesa na dima (swichi ya kupunguza mwanga) inavuma. Ukiwasha dima ikiwa chini kabisa, mbili haziwaki.

Nilikaza nyaya, sikupata nafuu. Nikabadilisha balbu mbili, hali ikawa ileile. Zote zimeandikwa kuwa zinakubali dima, kwa hiyo tatizo halikuwa hapo.

Jibu lilikuwa limeandikwa nyuma ya dima yenyewe: 60–400 W, yaani jumla ya wati za balbu isipungue 60. Balbu zote sita ni wati 30 tu. Dima hiyo ya zamani hukata mwanzo wa wimbi la umeme kwa trayaki (swichi ya kielektroniki), na trayaki ikikosa mkondo wa kutosha hujizima katikati ya wimbi. Draiva (saketi inayolisha LED) ndani ya balbu inakosa umeme, taa inapepesa.

Zima saketi breka, hakikisha kwa testa kwamba waya hauna umeme, kisha funga dima ya LED inayokata mwisho wa wimbi. Yangu ni ya 5–150 W, kwa hiyo wati 30 zinaitosha.

Hata hivyo zilipepesa kidogo kule chini. Dawa ilikuwa skrubu ndogo iliyo chini ya kitufe cha kuzungusha, inayopanga kiwango cha chini. Shusha mwanga hadi mwisho, zungusha skrubu taratibu kwa bisibisi ya plastiki mpaka balbu zote zitulie, ongeza kidogo tu. Zima, subiri dakika moja, washa mwanga ukiwa chini kabisa. Zote sita ziliwaka pamoja.