Dar hadi Iringa kwa kuzunguka kusini

Kwa mtu wa Iringa, kutoka Dar ni njia moja tu: Morogoro, Mikumi, mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga, umefika. Mimi na mume wangu tulirudi kwa njia nyingine. Tulishuka na pwani hadi Mtwara, tukaelekea magharibi kupitia Masasi na Tunduru mpaka Songea, kisha Njombe, Makambako na nyumbani. Ni zaidi ya mara tatu ya umbali tuliouzoea, lakini lami ipo mwanzo hadi mwisho, na gari letu dogo la chini lilifika salama. Naandika kwa ajili ya wanandoa wanaoitamani safari hii na kuiogopa.

Tulichagua Julai kwa sababu ya mvua. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi maeneo ya Somanga, na wasafiri wakakwama. Masika sikushauri kabisa.

Kabla ya kuondoka tulikubaliana mambo mawili. Usukani tunapokezana, na saa kumi jioni tunaanza kutafuta pa kulala, hata kama mji unaofuata unaonekana karibu. Baba Asifiwe hapendi kusimama njiani, kwa hiyo hilo la pili nililisimamia mimi. Akianza, "Mama Asifiwe, tusogee kidogo," namwonyesha saa tu. Hatukuwahi kugombana kwa uchovu, na naamini sababu ni hiyo. Ukiona kibao cha 50, basi ni 50 kweli; kwenye vijiji vya kusini tochi za trafiki hazilali.

Kilichonigusa zaidi sikukitegemea. Ukishavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003 (zamani magari yalisubiri kivuko cha Ndundu), unakuwa umeingia nchi ya Majimaji, vita vya kuwapinga Wajerumani. Mohoro, alikonyongwa Agosti 1905 Kinjekitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya kuzuia risasi, haiko mbali na barabara. Upande wa kulia mbele kuna vilima vya Matumbi, ambako vita vilianzia. Shuleni niliyakariri majina haya nikiwa sijui hata yako upande gani wa nchi. Safari hii niliyapita moja moja, mume wangu akiendesha nami nikisoma vibao, na nikaelewa jinsi habari ya maji ilivyotembea kwa miguu kutoka huko hadi Ungoni, nchi ya Wangoni huko Songea.

Kilwa mpeni muda. Tulilala Kilwa Masoko, asubuhi tukalipa kiingilio, tukachukua mwongozaji na boti hadi Kisiwani. Magofu ya Msikiti Mkuu, jumba la Husuni Kubwa, ngome ya Gereza: vyote vinatembelewa kwa miguu, kwa hiyo nendeni mapema kabla jua halijawa kali. Ibn Battuta alifika hapa 1331, wakati Kilwa ikitengeneza sarafu zake yenyewe na dhahabu ya Sofala ikipitia mikononi mwa wafanyabiashara wake. Baba Asifiwe, ambaye kwa kawaida hachelewi kusema twende, alikaa kwenye ukuta wa Husuni Kubwa akitazama bahari mpaka mwenye boti akatuita.

Lindi tulikula samaki tukaendelea. Mikindani tulilala, na tungekaa zaidi kama fedha ingeruhusu. Mji ule wa zamani una utulivu ambao Mtwara yenyewe haina. Mtwara tulinunua ming'oko (mizizi ya porini) iliyochemshwa, kisha tukarudi nyuma hadi Mnazi Mmoja, penye njia panda ya Masasi.

Kutoka Masasi miji inaachana sana. Jazeni mafuta Masasi, na Tunduru tena, bila kungoja taa iwake. Kati ya Tunduru na Namtumbo unapita ushoroba, yaani njia ya wanyama kati ya hifadhi za Selous na Niassa ya Msumbiji, na tembo huvuka barabara. Hapo ndipo lile sharti letu la saa kumi lilipokuwa la lazima hasa.

Songea tulikwenda moja kwa moja Makumbusho ya Majimaji. Wapiganaji wa Kingoni walionyongwa Februari 1906 wamezikwa pale. Nilikuwa nimetoka Matumbi siku chache nyuma, nikalia. Mume wangu alinishika mkono, hakusema kitu.

Baada ya hapo ni baridi. Masweta wekeni kiti cha nyuma, msiyafungie kwenye buti chini ya mizigo, maana Njombe Julai haikusubiri ufungue begi. Makambako mnaingia barabara ya malori ya Zambia na inabidi uendeshe kwa subira. Mnapita misitu ya Sao Hill, Mafinga, Ifunda, kisha Ipogolo na ule mpando wa kuingia mjini.

Likizo ilikuwa imebaki kidogo, tukaitembelea Iringa kama wageni: Boma, jiwe la Gangilonga, na Kalenga kuliona fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954.

Wifi yangu na mumewe wanaipanga safari hii mwakani. Nimewashauri waizunguke kinyume, waanzie Iringa wamalizie Dar. Sisi kipande cha Masasi hadi Songea tulikuwa na jua machoni kila ikifika saa tisa alasiri. Wao litakuwa mgongoni.