Usiku wa gwoka Sainte-Anne

Guadeloupe, kisiwa cha Ufaransa kule Karibiani, nilifika mwezi wa saba, ndege toka Paris masaa manane na ushee, na Ijumaa ileile mwenyeji wangu akanipeleka Sainte-Anne kwenye léwoz, yani usiku kucha wa gwoka, muziki wa ngoma wa huko. Tumefika watu washafanya duara, moshi wa kuku wa kuchoma kila kona, wapigaji wa boula wamezilaza ngoma chini wamezipanda kama farasi. Boula zinashika mdundo mmoja haziyumbi, kama vumi letu, afu kuna makè moja sauti nyembamba hiyo ndo inaongea.

Kilichonishangaza mpigaji wa makè haangalii ngoma yake kabisa, anaangalia miguu. Mchezaji anaingia mmoja mmoja anamfata hadi mbele yake na kila anapokanyaga lazima pasikike kwenye ngozi. Kuna mama mmoja yuko peku, bega likaenda huku mguu ukabaki kule, nikajua huyu kaanguka, kumbe makè ikamdaka palepale pa! duara zima likalipuka. Wenyewe wanaita bigidi, kupepesuka bila kuanguka.

Kwenye mapumziko mzee mpigaji akanionyesha ngoma yenyewe. Jamani ni pipa! Mbao zimebanwa na pete za chuma. Zamani mapipa yalikuja na meli yamejaa nyama ya chumvi ya kulisha mashamba ya miwa, yakiisha watumwa wanawamba ngozi ya mbuzi, dume kwa boula, jike kwa makè. Na walipiga kwa kuiba maana sheria ya Ufaransa ya 1685, Code Noir, ilikataza watumwa wa mabwana tofauti kukusanyika mchana au usiku hata iwe harusi, adhabu viboko na kupigwa chapa ya moto, na mimi nimesimama kwenye duara lilelile. Mwaka 1794 wakaachiwa huru, 1802 Napoleon akarudisha utumwa, wakangoja mpaka 1848. Hiyo miaka 8 ya kuonja uhuru ndo iliniuma zaidi.

Nikamwambia mzee kwetu neno ngoma ni chombo, ni muziki, ni kucheza, ni shughuli nzima. Akasema na gwoka hivyohivyo. Akalirudia taratibu, ngoma, ngoma, akaiweka makè katikati ya magoti, macho yakarudi kwenye miguu ya watu.