Nilivyotuliza kifua kwa kukausha chumba

Chumba changu kilikuwa kimeota ukungu, yaani kuvu ya ukutani, na kifua kilikuwa kikinibana. Kabla ya kununua dawa au kugusa ukuta niliandika daftari kwa wiki mbili. Asubuhi nikiamka na usiku kabla ya kulala nilipuliza mara tatu kwenye kipima pumzi, kile kibomba cha plastiki chenye mshale unaosogea juu ya namba, nikaandika namba kubwa katika hizo tatu. Pembeni niliweka mambo manne: nimelala chumba gani, nimekohoa usiku au la, pua imeziba au iko wazi, madirisha yalifungwa au yalifunguliwa. Usiku wa nne kati ya hizo kumi na nne nililala ghorofani, mbali na chumba chenye ukungu.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua namba ya juu ya siku, toa ya chini, gawa kwa wastani wa hizo mbili, zidisha kwa 100. Fanya hivyo kila siku, kisha tafuta wastani wa wiki mbili. Kwa mtu mzima wastani unaozidi 10, na kwa mtoto unaozidi 13, unaelekeza kwenye pumu. Daftari la namna hii ukimpelekea daktari hahitaji kubahatisha, hasa likionyesha kwamba pumzi hushuka ukilala chumba fulani na kupanda ukikihama. Bila daftari utaambiwa una mafua, utapewa antibayotiki, na antibayotiki haziui ukungu wala hazitulizi mzio.

Kwetu Unguja, kikohozi cha wiki mbili ni kipimo cha makohozi kwanza. Ukungu usikupofushe ukasahau kifua kikuu, zaidi kama kuna homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito. Na aliyewahi kuugua TB akapona awe mwangalifu mara mbili. TB huacha mashimo kwenye mapafu, na kuvu iitwayo Aspergillus hupenda kuota humo. Mtu hukohoa kwa miezi, pengine akatema damu, makohozi yakipimwa hayana TB, na bado huanzishiwa dozi ya TB upya. Mgonjwa wa hivyo aombe picha ya kifua na kipimo cha damu cha kingamwili za Aspergillus. Wenye kinga iliyoshuka, walio kwenye tiba ya saratani na wanaotumia steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) za vidonge kwa muda mrefu wasisafishe ukungu wenyewe kabisa.

Juu ya neno "sumu" nataka kusema wazi, kwa sababu linawapotezea watu fedha. Ukungu mweusi unaotisha sana, Stachybotrys chartarum, kweli hutengeneza kemikali za sumu. Sifa yake mbaya ilikuzwa na watoto wachanga waliovuja damu mapafuni huko Cleveland, Marekani, mwaka 1993 na 1994. Lakini mwaka 2000 CDC, taasisi ileile ya afya ya Marekani iliyochunguza mwanzo, ilipitia upya kazi yake ikasema uhusiano huo haukuthibitishwa. Kilicho na ushahidi imara, na Shirika la Afya Duniani lilikiandika kwenye mwongozo wake wa mwaka 2009, ni kwamba unyevu na ukungu wa ndani huenda pamoja na kikohozi, mluzi wa kifua, pua zilizowaka na pumu inayozidi. Hayo yanatosha kumtoa mtu chumbani. Rangi haikwambii aina ya ukungu, na wa kijani unaweza kukubana sawa na mweusi. Kwa hiyo sikulipia kupima ukungu ukutani, wala vipimo vya mkojo vya kutafuta sumu zake. Majibu yangekuwa yoyote yale, kazi ingekuwa ileile: toa maji, toa ukungu, tibu njia ya hewa.

Nilianza na chumba cha kulala, maana huko ndiko pua inakaa saa saba au nane mfululizo. Godoro la sponji lililowekwa sakafuni hunyonya unyevu wa sakafu na jasho la mtu kwa pamoja, ukilipindua utaona madoa meusi upande wa chini. Hilo hutupwa, halioshwi. Jipya liweke juu ya chaga zenye nafasi kati yake ili hewa ipite. Kabati, hasa la mbao za kubandika, lisogeze sentimita 10 kutoka ukuta wa nje. Mashuka na mito ioshwe kwa maji ya nyuzi 60 kila wiki, ikaukie juani. Nguo zilizofuliwa zisianikwe chumbani, mzigo mmoja wa nguo hutoa karibu lita mbili za maji hewani, na maji hayo yote hutafuta ukuta wa baridi.

Na udi, jamani. Najua nyumba ikinuka unyevu mkono unakwenda kwenye chetezo. Moshi wa udi na ubani, kama ule wa dawa ya mbu ya kuchoma, unafunika harufu huku ukiibana zaidi njia ya hewa iliyokwisha kuvimba. Jiko la mkaa la "kukausha chumba" ni baya zaidi: gesi yake inaua watu waliolala. Mbu tumia chandarua.

Sasa maji. Nyumba zetu za Mji Mkongwe, Unguja, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zinazonyonya unyevu na kuutoa. Zikipakwa plasta ya saruji unyevu hauna pa kutokea, hupanda juu zaidi na kuchomoza ndani. Nyumba za matofali ya saruji nazo hulowa kutoka chini pale fundi aliporuka ile karatasi ya nailoni kati ya msingi na ukuta ambayo wenyewe huiita DPC. Usichanganye ukungu na chumvi ya ukutani. Ule unga mweupe unaochanua kama pamba ni chumvi iliyoletwa na maji. Udondoshee tone la maji: chumvi huyeyuka, ukungu hubaki. Chumvi haikubani kifua, ila inakwambia maji yanapita hapo.

Kujua maji yanatoka wapi, kata kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne bila kuacha mwanya, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, hewa yako ndiyo yenye maji. Yakiwa nyuma ya nailoni, ukuta ndio wenye maji. Kosa hapa hugharimu sana. Mwenye ukuta unaonyonya maji ya ardhi akinunua mashine ya kukausha hewa ataikimbiza mwaka mzima bila kumaliza, na mwenye hewa nzito akibomoa plasta atakuwa amebomoa bure.

Nilinunua pia kipima unyevu wa hewa. Vya bei nafuu hudanganya, kwa hiyo kijaribu: weka chumvi kwenye kifuniko cha chupa, itie matone ya maji iwe kama uji mzito isiyeyuke yote, funga pamoja na kipima ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa nane au zaidi. Lazima kisome 75. Kikisoma 70, ongeza 5 kila usomapo. Miongozo ya nchi za baridi inataka chini ya 60. Pwani wakati wa masika, Machi hadi Mei, bila kiyoyozi hutafika huko, usijiumize. Lengo linalowezekana ni ukuta usilowe na hewa isisimame. Fungua madirisha ya pande mbili kuanzia asubuhi jua likikolea mpaka alasiri, funga usiku hewa inapojaa maji, na pangaboi lizunguke taratibu hata kama hakuna mtu. Mwenye kiyoyozi asifungue dirisha kinapofanya kazi, hewa ya nje hugeuka maji kwenye kuta zilizopoa. Chujio la kiyoyozi huoshwa kila wiki mbili, na bomba la kutolea maji likiziba ukungu huota ndani ya mashine kisha ikakupulizia usoni.

Bomba linalovuja, mfereji wa paa uliopasuka, ardhi ya nje iliyopanda juu ya sakafu ya ndani: vyote hurekebishwa kabla ya kusugua hata doa moja. Kitu kikilowa kina saa 24 hadi 48 kikauke, baada ya hapo ukungu unaanza.

Sehemu isiyozidi mita moja ya mraba husafishwa na mtu mzima mwenye afya. Mimi mwenye pumu nilikaa nje, na ni vyema mgonjwa asirudi chumbani humo kwa siku nzima. Msafishaji avae barakoa ya N95 iliyobana vizuri puani (ya kitambaa haitoshi), glovu na miwani isiyo na matundu. Mlango ufungwe, dirisha liwe wazi, feni izimwe isisambaze vumbi. Lowesha ukungu kwanza kwa chupa ya kupulizia yenye maji na sabuni, usiusugue ukiwa mkavu hata kidogo. Sugua kwa brashi ngumu, futa kwa kitambaa, kitambaa kiingie mfukoni moja kwa moja, rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Kisha kausha.

JIK niliitumia kwenye vigae na sinki tu, si zaidi ya robo lita kwenye lita nne za maji. Kwenye plasta hung'oa rangi ya ukungu, doa likatoweka, huku mizizi ikibaki ndani ikinywa maji uliyoyaongeza. Na ukungu uliokufa bado huleta mzio, kwa hiyo kuua bila kuondoa hakukusaidii kifua. JIK isikutane na siki wala dawa yenye amonia, gesi inayotoka huunguza mapafu. Ubao wa jipsamu wa dari ulioota ukungu hukatwa na kutupwa, pamoja na sentimita 30 za kuuzunguka. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuuahirisha kwa mvua moja.

Plasta ya saruji kwenye ukuta wa matumbawe tuliibomoa hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, ukuta ukaachwa wazi. Subira inahitajika: mafundi wa majengo ya kale hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Kisha plasta ya chokaa iliyozimwa, sehemu moja kwa tatu za mchanga wa mtoni uliooshwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, utakurudisha ulikotoka. Kila tabaka lisizidi sentimita moja, lilindwe na jua na kunyunyiziwa maji siku za mwanzo ili lisipasuke. Juu yake chokaa ya kupaka, si rangi ya plastiki. Chokaa hupumua, na ukali wake unauzuia ukungu. Inaunguza macho, kwa hiyo miwani tena.

Dawa niliendelea nazo muda wote huo, kwani ukuta hukauka kwa miezi. Pua niliiosha mara moja kwa siku: lita moja ya maji yaliyochemka kweli kwa dakika moja na kupoa, kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi safi. Maji ya bomba yasiyochemshwa yasipite puani, yanaweza kubeba vijidudu vinavyofika kwenye ubongo. Baada ya kuosha, dawa ya steroidi ya kupuliza puani: inamisha kichwa kidogo, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, elekeza upande wa sikio. Ukielekeza katikati pua itatoka damu. Nguvu yake huonekana baada ya wiki moja au mbili, na wengi huiacha siku ya nne wakisema haifai. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku tano, yakizidi yenyewe huziba. Kwa vidonge vya mzio, Piriton hulaza, setirizini miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima ni afadhali.

Kwa kifua, pampu ya bluu (ya salbutamol) peke yake haitoshi. Inafungua njia ya hewa kwa saa chache bila kutuliza uvimbe. Anayebanwa mara kwa mara amuulize daktari steroidi ya kuvuta, na asukutue mdomo kila mara baada ya kuivuta, la sivyo ulimi utaota utando mweupe. Mtoto au mtu asiyeweza kubonyeza na kuvuta kwa pamoja atumie chupa ya plastiki ya nusu lita: toboa kitako kwa waya wa moto uliokunjwa umbo la mdomo wa pampu, chomeka pampu, ziba ukingo kwa gundi. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke yenyewe bila kufutwa, maana kuifuta huifanya ivute dawa kwenye kuta zake. Bonyezo moja, pumzi nne mdomoni mwa chupa, kisha bonyezo jingine.

Ukibanwa ghafla: mabonyezo manne ya pampu ya bluu kwa mtindo huo, ngoja dakika nne, mengine manne. Isipolegea, au ukishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, ni hospitali saa hiyohiyo, huku ukiendelea na pampu njiani.

Daftari bado lipo. Wiki mbili kabla ya masika na kabla ya vuli ya Oktoba narudia kupuliza asubuhi na usiku, nakagua mfereji wa paa, nasogeza kabati na kumulika nyuma yake kwa tochi iliyolazwa ubavuni mwa ukuta. Mwanga wa ubavu huonyesha ukungu mchanga kama manyoya, siku nyingi kabla haujawa doa.