"Sawa, mwalimu"

Nimejaribu kulala mara mbili, usingizi haupo. Basi niandike.

Jumanne baada ya kipindi changu cha fizikia chuoni, kijana mmoja alinisubiri mlangoni. Ni wa mstari wa mbele, wale wanaoandika tarehe kabla hujamaliza kufuta ubao.

"Samahani, mwalimu. Kipindi kijacho utafundisha?"

"Mbona leo nimefundisha?"

Akatazama daftari lake. "Sawa, mwalimu."

Hiyo "sawa" ndiyo iliyonichoma. Bora angebisha.

Wiki hii mahari ya mdogo wangu imepokelewa Urambo, boom, pesa ya kujikimu ya wanafunzi, limetoka, Baba Neema amerudi salama kutoka Mpanda, na mimi bado nimesimama palepale mlangoni.

Kipindi chenyewe kilianza na makatoni ya sabuni niliyomkataza mwanangu Neema asichome. Tulikata kadi, tukaziandika A, B, C, D. Wazo si langu, ni la Eric Mazur, anayefundisha fizikia Harvard kule Marekani. Aligundua wanafunzi wake wanakokotoa vizuri sana, ila swali jepesi la kufikiri linawakwamisha. Mmoja akamuuliza: nijibu ulivyotufundisha, au ninavyofikiri mwenyewe? Ndipo mwaka 1991 akaanza utaratibu wake: toa swali, kila mtu apige kura kivyake, kisha abishane na jirani yake, halafu wapige kura tena.

Basi nikaingia na embe bichi, nikalirusha. Pale juu kabisa, kabla halijaanza kurudi, lina nguvu gani juu yake? Kadi zikapanda, nyingi A: hakuna nguvu. Waliosema C, uvutano peke yake, niliwamaliza kwa vidole vya mikono. Nikawaachia wabishane. Swali lilikuwa la Kiingereza, ubishi ukawa wa Kiswahili, kule nyuma Kisukuma kabisa. Binti mmoja ambaye tangu muhula uanze sijaisikia sauti yake akamgeukia mwenzake: "Kama hakuna nguvu, mbona halibaki hukohuko?" Kura ya pili, karibu ukumbi mzima C. Nilitoka natembea kama bibi harusi. Kisha mlangoni.

Nilipomsimulia Baba Neema, akauliza, "Sasa ulifundisha au hukufundisha?" Nikampakulia ugali bila kumjibu.

Shida ni kwamba daftari lile nililiona. Tarehe, kichwa cha somo kilichopigiwa mstari mwekundu kwa rula, na chini yake hakuna kitu. Kwake yeye ukurasa ule ni saa mbili zilizopotea. Sapu, ule mtihani wa marudio, ikija, atasoma nini?

Juzi nikakuta utafiti wa mwaka 2019, Louis Deslauriers na wenzake, hukohuko Harvard. Wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kushirikishwa walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliokaa kusikiliza mhadhara mtamu. Nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Yule kijana simpelekei mambo ya Harvard mlangoni, ataniambia "sawa, mwalimu" tena.

Leo jioni nimefungua sanduku la bati nikatoa daftari langu la mwaka wa kwanza. Kurasa zimejaa hadi pembeni, mwandiko mzuri mpaka nikajionea fahari. Mada ile ipo, neno kwa neno kama ilivyotoka ubaoni. Na bado, jamani, hili sijawahi kumwambia mtu: mimi mwenyewe niliamini pale juu hakuna nguvu, mpaka mwaka wangu wa pili wa kufundisha sekondari, mtoto wa kidato cha tatu aliponibana mbele ya darasa. Nimecheka peke yangu hadi Neema akaja kuchungulia.

Alhamisi nitawaachia dakika kumi za mwisho kila mtu aandike, kwa maneno yake, kwa nini embe lilirudi. Na yule kijana nitamwazima kalamu yangu nyekundu.

Ila jogoo wa Neema amesinzia tangu asubuhi, na kinyesi chake ni kijani. Wa jirani walianza hivyohivyo. Chanjo ya kideri nilisema nitanunua mwezi uliopita.